Mtu Aliyenyimwa Salamu

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha riwaya ya George Orwell iitwayo 1984, ile iliyochapishwa mwaka 1949, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Hoja ya siku hiyo ni ya kawaida katika somo letu: mtu mmoja anayesimama peke yake mbele ya jamii inayotaka wote wafikiri namna moja. Nilieleza jinsi uasi wa Winston Smith unavyoanza kwa jambo dogo kabisa, kununua daftari na kuandika mawazo yake katika pembe ya chumba ambayo jicho la serikali haliifikii. Nilikuwa nimeieleza habari hiyo kwa miaka mingi, na nilidhani ninaieleza vizuri. Ndipo kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, samahani, wewe mwenyewe umewahi kukataa nini?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikasema tutalizungumza siku nyingine. Hatukulizungumza. Ndugu msomaji, nimeona nilijibu hapa, maana kijana yule alistahili jibu, na jibu lenyewe halianzii London ya Orwell bali Bariadi.

Mwaka 1984 wenyewe, ule wa kalenda, ulinikuta nina umri wa miaka tisa katika kijiji kimoja cha Bariadi, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Ulikuja kuundwa mwaka 2012. Kijijini kwetu hapakuwa na chombo ukutani cha kututazama. Hata umeme hapakuwa nao. Palikuwa na sungusungu.

Wale wasiokulia Usukumani hulisikia neno hilo wakafikiria kundi la watu wakali wenye pinde. Sitaki kuwadhulumu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na Nzega, wakaenea upesi kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha zilikuwa zimezagaa, wezi wa ng'ombe walikuja usiku wakiwa na bunduki, na kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Wananchi wakaamua kujilinda. Yowe la mwano lilipopigwa, kila mwanaume alitoka na upinde wake, na yowe likapokewa kijiji hadi kijiji mpaka mwizi akakosa pa kupita. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na mwaka 1989 sheria ilirekebishwa ili kuwatambua. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nakumbuka vizuri mwaka tulioanza kulala: ng'ombe waliingia zizini jioni na asubuhi tukawakuta zizini. Kwa mtoto wa mchungaji hakuna serikali iliyowahi kufanya jambo kubwa kuliko hilo.

Lakini kundi lililoshinda wezi huanza kutafuta adui mwingine, na katika nchi yetu ile adui wa pili alikuwa anajulikana. Alikuwa bibi mzee mwenye macho mekundu.

Wapishi wote wa Bariadi wanajua macho hayo yanatoka wapi. Ukipika miaka hamsini kwa miti ya pamba iliyokauka na samadi, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yako yatakuwa mekundu. Jambo hilo lilijulikana wakati ule kama linavyojulikana leo. Kujua hakukusaidia. Mtoto wa jirani alipofariki, mganga akaulizwa, mganga akataja upande wa jua linakozama, na upande huo palikuwa na nyumba ya mjane mmoja tu.

Kikao kilifanyika chini ya mkuyu. Mimi sikuruhusiwa kukaribia, ila watoto tulipanda kichuguu tukaona. Iliamuliwa kwamba bibi aondoke kijijini kabla ya mwezi kuandama, na kila mwanaume akatakiwa kunyosha mkono kuonyesha kuwa yumo. Mikono ilinyoshwa yote isipokuwa mmoja. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu tumbo moja, alibaki ameshika magoti. Alipoulizwa, alisema maneno ambayo baadaye yalirudiwa sana kijijini kwa kejeli: "Sijamwona akiroga."

Hakuwa na hotuba. Hakusema uchawi haupo. Nina hakika aliamini upo. Hakuwa msomi, aliishia darasa la nne. Alisema tu kwamba jambo hilo hakuliona, na asingeweza kunyosha mkono kwa jambo ambalo hakuliona. Jioni ile alikwenda kwa yule bibi, akambebea mkeka wake na vyungu viwili, akampa kibanda ndani ya uzio wake wa minyaa. Sungusungu wangeweza kumtoa humo kwa nguvu. Hawakufanya hivyo, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuka uzio wa mwenzao. Walichofanya ni kumtenga.

Kutengwa kwa Msukuma ni kitu ambacho riwaya za Ulaya hazikijui sawasawa. Hakuna aliyempiga baba mdogo wala kumfunga, na hakuna aliyegusa ng'ombe wake. Ila kuanzia siku ile hapakuwa na mtu wa kumsalimu. Akienda kuazima jembe, alikuta nyumba kimya. Mkewe akifika kisimani, wanawake walitua ndoo zao wakasubiri amalize ndipo waendelee na mazungumzo. Ng'ombe wake akipotea, hakuna aliyesema amemwona. Wakati wa kulima, pale ambapo majirani hukusanyika shamba kwa shamba, ngoma ikilia na majembe yakishuka kwa pamoja, shamba lake lilirukwa. Dawa ilikuwa moja: alipe ng'ombe, kundi limle, naye arudi. Alikuwa nao ng'ombe. Hakulipa, kwa sababu kulipa kungekuwa ni kunyosha mkono kwa kuchelewa.

Baba yangu alilishika tangazo lile kama wengine. Alipita mbele ya uzio wa mdogo wake kila asubuhi akielekea malishoni, na hakugeuza shingo. Na mimi nililishika. Siku moja nilikutana na baba mdogo kwenye njia nyembamba ya kisimani, nikiwa na ndoo kichwani. Kwa desturi mtoto ndiye huanza kuamkia. Nilinyamaza. Akasubiri kidogo, kisha yeye mtu mzima akaanza: "Mwadila, ng'wanawane." Nikatazama vidole vya miguu yangu nikapita. Nilikuwa na miaka tisa, nilijua kabisa ninachofanya, na nilijisikia vizuri. Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa mmoja wa watu.

Hilo la kujisikia vizuri ndilo ninaloliona limekosekana katika mafundisho yangu.

Orwell anatuonyesha dola inayomchukia mtu. Lina picha za mtawala kila ukuta, lina polisi wa mawazo, lina chumba cha mateso. Msomaji hujua mara moja asimame upande gani. Kabla ya Orwell, Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameandika, katika miaka ya 1920 na 1921, riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni neno moja tu: Sisi. Humo watu hawana majina, wana namba, na wanaishi katika nyumba za vioo. Riwaya hiyo haikuruhusiwa kuchapishwa kwao, ikatokea kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Kwa Zamyatin, neno "sisi" ni jina la gereza.

Sasa weka kando yake riwaya ya Katama Mkangi, Mkenya, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 enzi za Rais Moi. Kitabu chake Walenisi kilitoka mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa na nchi yake na kurushwa katika chombo ambacho kilikusudiwa kuwa kaburi lake. Anakimudu, anatua katika nchi nyingine ambako watu ni sawa. Nchi hiyo inaitwa Walenisi, yaani wale ni sisi. Mtu aliyetoka kizuizini, mwenye kila sababu ya kuichukia jamii, aliandika kwamba wokovu wa mtu uko katika "sisi". Nimewasomesha waandishi hao wawili kwa miaka, kila mmoja katika wiki yake, bila kuwakutanisha. Kijijini kwetu walikuwa wamekutana zamani. "Sisi" iliyotulindia ng'ombe ndiyo hiyo hiyo iliyomnyima baba mdogo salamu. Hazikuwa mbili. Yalikuwa majirani wale wale na yowe lile lile.

Euphrase Kezilahabi alilijua hili kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka kwetu, na alifariki Januari 2020. Watu hulalamika kwamba riwaya zake zina huzuni, na kwamba wahusika wake wanakufa vibaya. Ni kweli. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anarudi kijijini na elimu ya chuo kikuu, anakuta hana pa kuiweka, anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anamuua kiongozi wa serikali anayekuja na siasa ya kumwondolea mali yake, naye ananyongwa. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkulima Said Mwamwindi alikuwa amempiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, na Mwamwindi naye akanyongwa. Kisha Gamba la Nyoka (1979), ambamo wanakijiji wa Kisole wanakataa kuhamishwa.

Kwetu tulihamishwa. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa lazima, na Operesheni ikafika Usukumani mwaka uliofuata. Zamani Wasukuma waliishi wakiwa wametawanyika, kila mji na uzio wake wa minyaa na mashamba yake kuuzunguka. Babu alihama akaacha minyaa yake imesimama, na mpaka leo ukipita huko utaona mraba wa kijani katikati ya mbuga, hauzungushi kitu. Sisemi kwamba Operesheni ilizaa sungusungu. Historia haiendi kwa urahisi huo. Ila nadhani ilitusogeza karibu kiasi kwamba kila mtu aliona moshi wa jiko la mwenzake na kujua nani hakupika. Miaka hiyo hiyo dola ilikuwa inawinda wauaji wa vikongwe kwa mkono mzito mno: watuhumiwa wakateswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, hata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kuwajibika kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Tunamsifu Mzee Mwinyi kwa kujiuzulu, na anastahili. Tunasahau kuuliza waliokufa walikuwa nani.

Nirudi kwa Kezilahabi. Ninachomlaumu, ikiwa mwanafunzi anaruhusiwa kumlaumu mwalimu wake wa mbali, ni kwamba waasi wake hawabaki. Wanajiua, au wananyongwa; wa Mkangi anarushwa angani. Hata Winston anabaki hai akiwa amekwisha kuvunjwa. Inaonekana hakuna mwandishi aliyejua la kufanya na mtu aliyekataa, ambaye kesho yake asubuhi bado yupo, anakamua ng'ombe wake mbele ya macho ya waliomtenga.

Baba mdogo alibaki. Katika mvua ya pili ya kutengwa kwake mtoto wake wa kike, wa miaka minne, alifariki kwa homa. Kifo huondoa ugomvi mwingi kwetu, na nadhani baba mdogo alitegemea hivyo, maana aliketi mbele ya nyumba mpaka jua likawa utosini akisubiri watu wa kuchimba. Hawakuja. Baba yangu alikuwa nyumbani siku ile. Alikaa ndani. Mama alitoka mara mbili hadi mlangoni, na mara mbili akarudi. Mchana tukasikia jembe likigonga ardhi. Baba mdogo alichimba kaburi na mwanawe wa kwanza, na yule bibi mwenye macho mekundu akawa anawaletea maji ya kunywa kwa kibuyu.

Watu hutaka kusikia jinsi jambo lile lilivyokwisha, wakitegemea toba. Hapakuwa na toba. Mwaka 1986 binti wa kamanda wa sungusungu alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya, na mkokoteni uliokuwa mzima kijijini ulikuwa wa baba mdogo. Kamanda akaenda kusimama nje ya minyaa bila kusema neno. Baba mdogo akafunga ng'ombe, wakasafiri usiku kucha hadi hospitali. Mama na mtoto walipona. Keshokutwa yake mtu mmoja akamsalimu njiani, na kesho yake watatu. Hakuna tangazo lililotolewa, na ng'ombe wa faini hakudaiwa tena. Yule bibi aliishi ndani ya minyaa ile mpaka alipofariki kwa ugonjwa wake mwenyewe.

Machi 2009, wakati wa mauaji ya kutisha ya watu wenye ualbino, serikali iliendesha kura ya siri, ikianzia Kanda ya Ziwa, ili wananchi wawataje kwa karatasi wanaowashuku. Nilikuwa likizo nyumbani. Sina shaka na nia: watu walikuwa wanakatwa viungo, na waliouawa walikuwa watoto wetu. Lakini nilimwona baba mdogo, mzee sasa, akipanga foleni, akipokea karatasi, akienda kona, akirudi haraka mno kwa mtu anayeandika pole pole kama yeye. Nilimuuliza aliandika nini. Akasema, "Niliandika nilichokiona." Nikangoja aendelee. Akauliza habari za watoto wangu.

Sasa swali la kijana wa nyuma. Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi moja niliyofanyia kazi, mwenzetu mdogo kwa cheo aliandika makala iliyowaudhi wakubwa. Tukaitwa kikaoni. Ikapitishwa karatasi ya kueleza kwamba sisi wahadhiri wa idara hatukubaliani naye na kwamba amekiuka maadili. Nilikuwa nimeisoma makala yake. Haikuwa na kosa. Kusema kweli, ilikuwa na sentensi mbili ambazo ningependa kuwa nimeziandika mimi. Karatasi ilinifikia ikiwa na saini saba. Nilitia ya nane kabla ya kufika aya ya pili. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa na mkopo wa nyumba na mtoto anayeingia kidato cha tano, lakini nikisema hayo ndiyo yaliyoniongoza nitakuwa najipamba. Niliwaza chumba cha chai. Niliwaza saa nne asubuhi ninaingia, mazungumzo yanakatika, kila mtu anatazama kikombe chake.

Mwenzetu yule hakuongezewa mkataba. Wiki aliyokuwa anafungasha vitabu vyake tulikutana kwenye ngazi. Akaniambia, "Habari za asubuhi, Dokta." Nikaitikia, lakini kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019. Nilipata habari usiku, nikapanda basi la Mwanza, nikashika njia ya Lamadi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nyumbani. Watu walikuwa wamejaa kuanzia kwenye minyaa hadi barabarani. Kamanda wa zamani, sasa mzee wa fimbo, alisimama akamsifu marehemu kuwa alikuwa mtu wa watu, hakuwahi kujitenga na wenzake. Hakuna aliyekohoa. Baba yangu alikaa kwenye kigoda mstari wa mbele, ameinamisha kichwa, na sikuweza kujua anawaza nini. Mpaka leo hatujazungumza.

Vijana walikuwa wengi wa kuchimba, wakipokezana kila dakika chache, wakitaniana kama inavyoruhusiwa. Nilivua koti la mjini nikaomba jembe. Binamu yangu, yule mtoto wa kwanza, alikuwa amesimama ukingoni akisimamia kazi. Alinipa jembe lake mwenyewe, akanielekeza upande wa kushoto.

"Usisogee sana huku, kaka," akasema, akionyesha kwa mguu tuta dogo lililokwisha kuota nyasi. "Hapa amelala dada. Hili tulichimba mimi na baba."

Nikaanza kuchimba upande wa kushoto.